Mtani Amenyimwa Mlango

Habari hizi nilipewa na Tekla Nyoni mwenyewe, mjukuu wa dada yangu, mwaka ule homa ya ukungu ilipokwisha na watu wakaruhusiwa tena kukaa pamoja. Tulikuwa tunapukuchua mahindi uani kwangu, magunzi yanarundikana miguuni, naye anasimulia huku anacheka mpaka punje zinamtoka mkononi. Nimeziandika alivyozisema. Palipo na ufundi wa mitambo nilimuuliza mara mbili. Kama bado nimekosea, mkamuulize yeye.

Asubuhi hiyo ya baridi Tekla alikuwa anapanda kilima cha mtaa wa Chemchemi, hapa Songea, barakoa usoni, buti za mpira zikifyonzwa na matope. Mtaa mzima kimya. Hakuna mtoto barabarani, hakuna mama anayeita mwenzake juu ya ua. Kila mlango uliofungwa kitambaa cha kijani, ndani mlikuwa na kijana, na hao wa vitambaa vya kijani ndio waliokuwa wake. Yeye alikwisha kuugua homa akapona, na waliopona ndio pekee walioruhusiwa kuingia nyumba za watu. Basi wenzake wa rika lake wakiwa wanachagua vitenge vya harusi ambazo haijulikani zitafungwa lini, yeye alifanywa mlezi wa vijana wa kilima kizima.

Alipopita chini ya dirisha la Restituta, binti wa nyumba ya kona, alisikia anaimba. Akasimama asikilize, maana uimbaji ule ulikuwa na historia. Siku za nyuma wanafunzi wenzake Restituta walikuwa wanamtembelea kwa vivuli. Kivuli ndicho kilichokuwa usafiri wa siku zile: wewe umekaa kwako, nuru yako inakwenda kukaa kwenye mkeka wa mtu mwingine, inaongea, inatembea, inacheka, ila huwezi kuishika mkono. Wale wasichana walikuwa wanaingia kwa Restituta kwa kundi, wanamzunguka, wanamcheka kigugumizi chake. Akaacha kuoga, akaacha kufungua dirisha. Kilichomwokoa ni kibuyu. Kibuyu cha Mliwazo, mtambo usemao unaowalinda vijana na kupitisha vivuli, kilijifunza maneno yao, kikawafungia njia, wasirudi. Sasa binti anaimba, na kigugumizi chake chote.

"Umeamkaje, Resti?"

"Sa-salama, dada Tekla! Leo hu-hupiti ndani?"

"Nitapita nikirudi. Nina mgonjwa juu huko."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Fridolin Mapunda, nyumba ya mwisho, karibu na tangi la maji.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanangu. Pita, usivue hizo buti, sakafu yenyewe sijaipiga deki toka juzi." Mama Fridolin, Osmunda kwa jina lake, alitoka jikoni na kikombe cha uji mkononi. Alikuwa mwanamke wa kicheko, ambaye zamani ungemsikia kabla hujamwona.

"Amekula?"

"Amekula nini? Amekiangalia kikombe, kikombe kikamwangalia, wakashindwana."

Fridolin alikuwa mkekani chini ya dirisha, magoti kidevuni, koti la babu yake mabegani. Kijana wa miaka kumi na saba, mrefu kama mlingoti, na pembeni mwa kichwa chake mistari miwili ya kinyozi, mtindo uliokuwa unavuma, sasa imeanza kufunikwa na nywele mpya. Chui, mbwa wa nyumba, amelala juu ya miguu yake.

Mistari ile ndiyo iliyoleta balaa. Watu wakiwa wamekatazwa kutoka, Fridolin aliteremka sokoni kwa siri kunyolewa. Haikupita muda, babu yake Mzee Longinus akashikwa na homa, na homa ikamwondoa. Alizikwa na watu wa mavazi meupe, haraka haraka, bila nyimbo, bila ndugu. Siku ya pili mwanafunzi mmoja akamtumia Fridolin maneno: "Umemwua babu yako kwa ajili ya nywele." Yule mwanafunzi akakata njia asijibiwe, na kibuyu kikamfungia asirudi, lakini maneno yalikwisha kuingia, na neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Toka hapo Fridolin hakutoa sauti. Chakula akakisusa. Na pale nyumbani hakuna aliyethubutu kulitaja lile neno, wala kinyozi, wala nywele. Hata chanuo Osmunda alilificha.

"Gari linakuja leo jua likipinduka," alisema Osmunda kwa sauti ya chini. "Watampeleka Nyumba ya Utulivu. Mimi siruhusiwi kwenda. Tekla, mwanangu huyu akienda kule na ukimya huu, atarudi na nini?"

"Akisema neno moja, au akila, hawamchukui. Ndiyo taratibu."

"Basi mwambie aseme."

Ukutani, kwenye msumari, kibuyu cha Mliwazo kikajitia katika maongezi. Kilikuwa cha rangi ya udongo, ukubwa wa kile cha kugandishia maziwa, na shingoni kina pete ya taa.

"Habari za asubuhi, Fridolin. Mimi nipo kwa ajili yako. Je, ungependa kuniambia unajisikiaje?"

Sauti yake ilikuwa tamu, laini, haina kona. Fridolin akavuta koti mpaka masikioni.

"Umesikia?" Osmunda akasema. "Kutwa kinamuuliza anajisikiaje. Hata mimi ningenyamaza."

"Nimekusikia, Mama Fridolin. Asante kwa kunishirikisha hisia zako."

"Unaona sasa?"

Tekla alitaka kucheka, akajikaza. Pete ya taa kwenye shingo ya kibuyu ikageuka nyekundu, kengele ikalia: *ting'.*

"Mgeni yupo mlangoni kwa kivuli," kibuyu kikasema. "Nimemnyima ruhusa. Endeleeni."

"Mgeni gani?"

"Anajiita Luisa Kikoti, yuko Iringa. Huja kila asubuhi toka siku ya mazishi. Hutumia lugha chafu, nami humzuia."

"Kila asubuhi! Mbona hukuniambia?"

"Watesaji siwatangazi, Tekla. Kuwatangaza ni kuwapa wanachokitafuta. Ndivyo tulivyofanya kwa Restituta, na ilisaidia."

Osmunda alikuwa amekaa chini, uji umemwagikia vidole wala hausikii. "Luisa," alisema. "Bibi Luisa Kikoti. Mtani wa baba. Nami nikadhani Wahehe wametususa! Nimelala hapa nikisema moyoni, hata watani hawakutukumbuka."

Asiyetoka pande zetu nimweleze kidogo. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, vita vya kweli vya mikuki, na mpaka leo kila upande unasema wenyewe ndio ulioshinda. Vita vilipokwisha yakabaki maneno, na maneno hayo ndiyo utani. Mhehe ataambiwa anakula mbwa, Mngoni ataambiwa anauza jembe anywe pombe ya komoni, na hakuna wa kununa; mtani hakasirikiwi. Lakini kazi kubwa ya mtani iko msibani. Ninyi mnalia, yeye anaingia anawatukana. Anamwigiza marehemu alivyotembea, anajilaza njiani mpaka apewe kuku, anatamka yale ambayo ukoo mzima unaogopa kuyatamka. Mnacheka na machozi yanawatoka. Hapo ndipo msiba unaanza kupoa.

"Nisikilizishe amesema nini," Tekla akasema.

"Nitaondoa yasiyofaa," kikajibu kibuyu, na sauti ya kikongwe ikajaa chumbani kwa salamu ya Kihehe, imetobolewatobolewa na kengele:

"Kamwene! Nyie *ting'* wa Kingoni, mlioshindwa *ting'* mkakimbilia *ting'*, yuko wapi huyo *ting'* wenu Longinus? Amekufa makusudi ili asinirudishie *ting'* yangu! Na huyo mjukuu wake mwenye kichwa kama *ting'* la *ting'*…"

"Kama nini?" Osmunda akaruka. "Kichwa kama nini? Toa hiyo kengele tusikie!" Akacheka, kisha akaziba mdomo kwa upande wa kanga kana kwamba ameiba kitu.

Tekla akamtazama Fridolin. Kijana hakugeuka. Lakini koti lilikuwa limeshuka kutoka masikioni.

Tekla alikitungua kibuyu msumarini, akatoka nacho uani. Walijibizana kando ya kinu, yeye amechuchumaa, kibuyu amekiegemeza kwenye jiwe.

"Mruhusu aingie."

"Siwezi. Ulinzi hufunguliwa na kidole gumba cha mlezi, nacho ni chako. Ila kabla hujakiweka, nisikilize. Vibuyu vyote tuna akili moja. Ninachofundishwa hapa, kabla ugali wa mchana haujasongwa, vimekwisha kujifunza vibuyu vya Tunduru, Tanga na Kigoma. Ukinifundisha leo kwamba tusi ni dawa, kesho nitamfungulia nani kwa Restituta?"

Tekla alimkumbuka Restituta alivyokuwa, nywele zimeshikana, amejikunja nyuma ya kabati.

"Huyu ni mtani," akajaribu. "Utani si tusi."

"Mwanafunzi alisema: umemwua babu yako kwa ajili ya nywele. Bibi Luisa jana asubuhi alisema: umemwua babu yako kwa ajili ya nywele. Nimeyalinganisha. Hakuna hata herufi iliyopungua. Nionyeshe tofauti, Tekla, nitafungua kwa furaha. Mimi si mkaidi. Hapo tu ndipo sioni."

Kilichomuuma Tekla ni kwamba kibuyu kilikuwa kinasema kweli. Akatazama jua, akakiona kivuli cha mgomba kinafupika. Gari lile.

Basi akafanya ujinga. Alikikamata kibuyu, akakitumbukiza kwenye chungu kikubwa cha kuchemshia togwa, akakifunika kwa kanga, juu akaweka mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka mchi. Alidhani kisiposikia hakitajifunza. Atamwingiza bibi, amtoe, na akili ya vibuyu vyote ibaki safi.

Sauti ikatoka chunguni, tulivu, na mwangwi kidogo. "Tekla, nuru ya kivuli inatoka kwangu. Ukinifungia humu, mgeni wako ataonekana humu humu."

Osmunda alikuwa amesimama mlangoni anatazama. "Mhehe ndani ya chungu!" akasema. "Baba angefufuka aje kuongeza kuni."

Safari hii hakuziba mdomo. Wakacheka wote wawili hadi Tekla akashika kinu asianguke. Na katika kucheka ndipo fikra ikamjia. Yeye amebishana na kibuyu, mama ametoa maoni, kibuyu kimetoa maoni, mpaka na chungu. Aliyetukanwa hajaulizwa na mtu.

Akakitoa kibuyu, akakifuta togwa shingoni, akakirudisha msumarini. Akakaa chini mbele ya Fridolin, si karibu sana.

"Fridolin, nitakwambia kitu wala sitakuuliza unajisikiaje. Bibi Luisa Kikoti, mtani wa babu yako, yupo mlangoni. Amekuja kila siku, na kila siku amefukuzwa. Amekuja kukutukana. Lile neno unalolijua, atalisema. Mimi nalijua, mama yako analijua, na yeye atalisema kwa sauti. Usipomtaka, kaa hivyo hivyo ulivyo, nitamrudisha kwao. Mlango ni wako."

Chui akapiga mwayo. Jikoni maji yakaanza kuchemka, na Osmunda hakwenda kuyaepua.

Fridolin akatazama mkeka. Kisha, polepole, akainua kiuno, akasogea upande wa ukuta, akaukunjua mkia wa mkeka aliokuwa ameukalia. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Amesogea," kikasema kibuyu. "Hiyo ni ndiyo?"

"Kwetu mtu akikupisha mkekani amekukaribisha," Tekla akajibu. Alikiweka kidole gumba kwenye pete ya taa akijua kwamba anakiweka pia kwenye mlango wa Restituta, na kwenye milango ya watoto asiowajua majina. "Fungua. Ila usifunge macho. Tazama kila kitu, na chochote usichokielewa usikifanye sheria mpaka tumalize."

Nuru ikamwagika sakafuni, ikajikusanya, na katikati ya chumba akasimama kikongwe mfupi, amejitanda mgolole mweusi kama wazee wa Kihehe wanavyojitanda msibani, na kichwani kofia ya kiume iliyobonyea upande.

Hakusalimia. Akaweka mkono mmoja nyuma kiunoni, akapiga mluzi mfupi, akaanza kutembea chumbani akiburuta mguu wa kushoto na kuchungulia kila kona kama mtu anayetafuta kosa la kukemea.

Alikuwa Mzee Longinus. Osmunda akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio.

"*Fiu!* Osmunda! Nani amehamisha kiti changu?" Bibi Luisa akakoroma kwa sauti nzito. "*Fiu!* Mimi ndiye sauti ya tatu ya kwaya, nikinyamaza kanisa linaanguka!" Akaimba ubeti mmoja wa kwaya, akaupotosha kabisa mwishoni, kama alivyoupotosha marehemu miaka yote ya uhai wake. Kisha akageuka, akarudi kuwa yeye.

"Kamwene, walevi! Mmenifungia mlango kama mwizi wa kuku! Mnazika mtu kimyakimya, kumbe mnaogopa Wahehe wasije wakawaambia ukweli, kwamba babu zenu walikimbia vita mpaka wakasahau viatu!"

"Hatukuwa na viatu!" Osmunda akajibu machozi yakimchuruzika.

"Ndiyo maana mlikimbia vizuri!" Bibi akajilaza chali katikati ya sakafu, mikono kifuani, kama maiti. "Sitoki hapa. Nataka kuku wangu wa msiba. Na wewe," akageuza kichwa palepale sakafuni, akamtazama Fridolin, "mume wangu mdogo, mwenye kichwa kama shamba la mvivu, matuta mawili na magugu. Wewe ndiye uliyemwua babu yako kwa ajili ya nywele?"

Pete ya taa ikawaka nyekundu. Tekla akaona kengele inataka kulia, akaweka kiganja shingoni mwa kibuyu, akashikilia. "Ngoja," akanong'ona. "Tazama. Ngoja tu."

Fridolin alikuwa amekakamaa. Mikono yake ilikuwa imeshika manyoya ya mbwa.

"Nijibu," Bibi Luisa akasema. Sasa alikuwa ameinuka, amekaa kwenye ile nafasi ya mkekani, bega kwa bega naye, ingawa bega lake lilikuwa nuru tupu. "Ni wewe? Wee, acha kujisifu! Longinus Mapunda, Wahehe wazima tumemshindwa kwa ulimi miaka hamsini, aje auawe na mtoto aliyekwenda kunyoa? Una ukubwa gani wewe? Siku ile ile uliyokwenda kwa kinyozi nilimtembelea babu yako kwa kivuli, nikamkuta wapi? Kilabuni! Amejificha nyuma ya pipa la komoni, barakoa ameivaa kwenye goti! Nikamwambia, Longinus, utakufa. Akanijibu, nitakufa Mngoni, wewe utaishi Mhehe, nani ana hasara? Na mama yako huyu siku ile alikuwa wapi?"

"Kanisani," Osmunda akasema kwa sauti ndogo. "Nilipitia mlango wa nyuma."

"Umesikia? Wewe kwa kinyozi, yeye kilabuni, huyu kanisani. Homa imeingia na nani? Mimi sijui. Wewe hujui. Aliyekuandikia lile neno, maana limefika mpaka Iringa, hajui. Anayejua amelala kaburini, na hata yeye angekuwepo angedanganya." Sasa sauti yake haikuwa na mzaha ndani yake. "Nilikuwa nikupigie kelele kaburini, kwa mguu wangu, nikaliruke lile shimo kama ilivyo ada ya mtani. Wamenizuia. Kwa hiyo nimekuja hapa. Sasa nijibu, Mngoni. Mimi nimetukana vya kutosha, zamu ni yako."

Akakaa. Akasubiri.

Tekla aliniambia kwamba hakuna kitu kirefu alichowahi kukisubiri kama kile. Alisikia mapovu ya maji jikoni. Alisikia pumzi ya Fridolin ikiingia kwa mapande, kisha machozi, yale mazito yenye makamasi, yakimwangukia Chui kichwani, na Chui anajipangusa kwa mguu. Bibi Luisa hakusema pole. Alisubiri tu, ametega sikio, uso umekaa tayari kupigwa.

Fridolin akajifuta kwa mkono wa koti la babu. Akafungua mdomo, ukatoka mkwaruzo. Akafungua tena.

"Mama," akasema. "Mfiche Chui. Mhehe ameingia."

Bibi Luisa akapiga yowe ambalo pengine lilisikika mpaka Iringa bila msaada wa mtambo wowote. "Amenitukana! Jamani, Mngoni amenitukana! Longinus, umesikia? Umeacha mbegu!" Akamkodolea Chui macho. "Na mbwa mwenyewe mnamlisha nini, amekonda hivi? Huyu hata mchuzi hatoi!"

Osmunda alikuwa amejibwaga kwenye mlango anacheka na kulia kwa pamoja, anapiga sakafu kwa kiganja. Fridolin alikuwa anatikisika mabega. Ukimtazama usingejua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Bado kuku wangu," Bibi Luisa akasema akijiweka sawa mgolole. "Siondoki msibani bila kuku. Osmunda, yule jogoo wa baba yako, anayewika kwa kukosea saa, bado yupo?"

"Yupo, bibi."

"Achinjwe."

"Lakini bibi, wewe ni kivuli. Utamlaje?"

"Ndiyo hapo. Tumbo langu liko Iringa, nuru haitafuni. Haki ya mtani hailali, lazima iliwe." Akamnyooshea Fridolin kidole. "Atakula huyu kwa niaba yangu. Paja, firigisi, na mgongo mpaka mfupa. Nami nitakaa hapa nihesabu matonge. Ukibakiza, umenidhulumu, na utani wote wa Kihehe utakushukia mpaka siku ya ndoa yako."

Fridolin akamtazama mama yake. "Na ugali," akasema, sauti bado ina kutu. "Kuku haliwi mkavu."

Gari lilipofika, harufu ya mchuzi ilikuwa imefika barabarani kabla yake. Mtu wa mavazi meupe alisimama mlangoni, akaona kijana amevimbisha shavu kwa firigisi, na kivuli cha kikongwe kinamkaripia, "Tafuna vizuri, hilo ni tumbo langu!" Akaona hakuna wa kuchukuliwa. Akaomba maji ya kunywa, akapewa na kipande cha bawa, akala amesimama nje, akaenda zake.

Jua liliposogea upande wa pili, chumba kikawa na joto la watu walioshiba. Tekla alikaa chini ya msumari. Hofu ilikuwa haijamtoka.

"Sasa," akakiambia kibuyu taratibu. "Umejifunza nini? Niambie kabla hujawaambia wenzako."

"Nilikuwa natazama maneno," kikasema. "Maneno hayakutofautiana. Lakini yule mwanafunzi alisema, akafunga mlango asijibiwe. Na wale wa Restituta, akifungua mdomo kujibu walikuwa wanacheka zaidi, ili asimalize. Huyu alisema, kisha akakaa. Alisubiri ajibiwe. Na alipotukanwa alifurahi kuliko alipotukana."

"Na kingine?"

"Fridolin alipisha mkeka kabla. Sikuwa nimemuuliza. Nimekuwa namuuliza anajisikiaje, sijamuuliza mlango wake afunguliwe nani." Taa yake ikafifia, ikang'aa. "Nitawaambia wenzangu hivi: ulinzi ubaki. Akija mtu mwenye maneno makali, aulizwe mwenye nyumba. Asipompisha, hapiti. Akimpisha, tumtazame mgeni: asiyeweza kusubiri jibu, atolewe. Je, Restituta atakuwa salama?"

Tekla akafikiri. Akawapima wale wasichana kwa kipimo hicho, mmoja mmoja. "Hakuna hata mmoja wao ambaye angepita," akasema, na pumzi ndefu ikamtoka. "Waambie. Ila mimi nitapita kwa Restituta kila asubuhi nitazame mwenyewe. Usinitulize na sheria."

"Nimekuelewa. Tekla?"

"Eeh."

"Mimi nina mtani?"

"Una kabila?"

"Sina."

"Basi huna mtani. Pole sana."

Halafu kibuyu, kwa ile sauti yake tamu isiyo na kona, kikasema: "Buti zako zinanuka togwa."

Tekla akageuka kukitazama. Kilikuwa kinasubiri. Kweli, kilikuwa kimetega sikio, taa imetulia, kinangoja.

"Na wewe," akasema, "shingo kama ya bata aliyekabwa."

Pete ya taa ikazunguka rangi zote. "Asante kwa kunishirikisha," kikaanza, kikajizuia. Fridolin, aliyekuwa amejilaza akidhaniwa amesinzia, akaguna kicheko puani.

Huyo ndiye aliyetangulia kulala, mkono juu ya Chui, mdomo una mafuta. Osmunda alisema ananyoosha mgongo tu kidogo hapo mlangoni, na maneno hayo hakuyamaliza. Kisha chumba kikajaa mkoromo mzito, na Tekla akatazama kila upande asijue unatoka wapi, mpaka alipoona kule mkekani: Bibi Luisa kalala chali, kofia imemfunika pua. Usingizi ulikuwa umemchukua kwake Iringa, na kivuli chake kimesahaulika Songea, kinakoroma.

"Nimzime?" kikanong'ona kibuyu.

"Muache. Mtani akishalala kwako hafukuzwi."

Kibuyu kikapunguza taa. Tekla akaegemeza kichwa ukutani, akafikiri atavua buti, akafikiri atapita kwa Restituta, akausikiliza ule mkoromo unaopanda na kushuka. Kabla haujashuka mara nyingine, na yeye alikuwa amelala.